Je, kumfuata Kristo ni kuacha kuwa wewe? Kaka yangu alikuja Malindi akasema hanijui

1. Kadzo_Maweni

Salamu kwa wote. Nina swali ambalo nimelibeba tangu juma lililopita, na nimeona niliandike hapa kwa sababu nikiuliza kanisani ninajua nitakachojibiwa, na nikiuliza nyumbani ninajua vilevile.

Nilizaliwa Ganda, sasa ninaishi Maweni, na kwa miaka mingi watu walinijua kwa mambo mawili: kicheko na kayamba. Arusi ya ukoo wetu haikuchangamka mpaka nifike, na hata matangani, baada ya usiku wa kwanza, nilikuwa nikiitwa nikae na wafiwa niwasimulie visa vya marehemu mpaka wacheke huku wakilia. Miaka mitatu iliyopita niliokoka, nikajiunga na kanisa dogo la mtaani kwetu. Sijutii hilo, wala sikufungua uzi huu ili kulilalamikia kanisa. Lakini kaka yangu, ambaye anafanya kazi Lamu, alikuja kututembelea, akakaa siku nne, na alipokuwa akipanda basi la kurudi akaniambia: "Nilikuja kumwona dada yangu, nimemkuta muumini."

Maneno hayo yamenikaa. Nilianza kujichunguza, nikagundua kwamba kabla ya kuomba huwa ninakohoa mara mbili, kikohozi kidogo cha kusafisha koo, ambacho si changu. Ni cha mke wa mchungaji wetu. Leso ninaikunja kama yeye, "amina" ninaivuta kama yeye, na nikifurahi ninatabasamu bila kuonyesha meno, kama yeye. Siikumbuki siku niliyoamua kufanya hivyo. Basi ninauliza: mabadiliko haya ni neema, au ni kuiga tu? Na Mungu aliyeniumba na kicheko kile, alitaka kukichukua nilipomjia?

2. Shahidi_Barani

Bwana asifiwe, dada. Jibu lilikwisha kutolewa zamani, katika Luka 9:23: "Mtu ye yote akitaka kunifuata, na ajikane mwenyewe, ajitwike msalaba wake kila siku, anifuate." Hakusema ajipambe wala ajirekebishe kidogo, alisema ajikane. Mimi mwenyewe nilijulikana Kisumu Ndogo kwa ngumi, na jina langu la mtaani lilikuwa Simba. Siku niliyokutana na Kristo nilimzika Simba, na rafiki wa zamani akiniambia kwamba hanijui, ninamshukuru Mungu papo hapo barabarani. Kaka yako amekutolea ushuhuda bila yeye kujua. Usiuhuzunikie.

3. Dereva_wa_Tuktuk

Nimesoma nikacheka, maana abiria akiketi nyuma na kupokea simu, mara nyingi ninaweza kukisia anasali wapi kabla hajateremka. Kuna kanisa ambalo watu wake wote husema "barikiwa" mwishoni mwa kila sentensi, hata wakipatana nauli. Na wahubiri wetu je? Kijana amezaliwa Msabaha, mama yake Mgiriama, baba yake Mgiriama, lakini akishika kipaza sauti anakwaruza koo na kutamka "haleluya" kama mtu aliyelelewa Lagos.

Lakini nisemavyo mimi, hili si jambo la dini. Watazameni vijana wa ufuoni waliofanya kazi na Waitaliano: wanazungumza Kiswahili kwa mikono, vidole vimekusanywa juu, mabega yamepanda, na hakuna aliyewabatiza. Mtu hufanana na anaokaa nao. Bi Kadzo angejiunga na chama chetu cha madereva, leo kaka yake angemkuta anazungumza kwa kupiga honi.

4. Katekista_Gede

Ndugu Shahidi, ninakuheshimu, lakini umechanganya vitu viwili. Ngumi zilikuwa dhambi, na kicheko si dhambi. Tomaso wa Akwino, mwanateolojia wa zamani, alifundisha kwamba neema haiharibu maumbile bali huyakamilisha, na mtume Paulo anasema katika 1 Wakorintho 15:10: "Lakini kwa neema ya Mungu nimekuwa hivi nilivyo." Hakusema kwamba neema ilimfanya awe mtu mwingine. Ukali aliokuwa nao alipokuwa akilitesa kanisa ndio alioutumia baadaye, na hakuupoteza hata mbele ya mitume: alimpinga Petro ana kwa ana kule Antiokia, na alitofautiana na Barnaba juu ya Marko mpaka wakatengana. Hayo yote yalitokea baada ya kuongoka.

Nami nimewahi kukusikia ukihubiri sokoni. Simba hukumzika, ndugu yangu. Umembadilishia kazi tu.

5. Shahidi_Barani

Katekista, utani nimeupokea, lakini hoja siikubali. Mtu atajuaje kipi katika maumbile yake ni kizuri na kipi kimeoza? Yeremia 17:9 yasema moyo huwa mdanganyifu kuliko vitu vyote. Mlevi huniambia kwamba mnazi ndio uchangamfu wake, na mwenye ulimi mchafu huniambia kwamba yeye ni mtu wa kusema wazi. Kila mtu akiachiwa aipime nafsi yake mwenyewe, atakuta kwamba kasoro zote ni vipaji. Ndiyo maana Mungu alimgeuza Sauli hata jina akawa Paulo, pasibaki kitu cha kurudia.

6. Mwalimu_Mstaafu

Naomba kusahihisha hapo, maana kosa hilo nimelisikia kwenye mimbari kwa zaidi ya miaka 40. Hakuna aya inayosema kwamba Mungu alimbadilisha Sauli jina. Baada ya njia ya Dameski bado anaitwa Sauli katika Matendo sura ya 9, 11, 12 na mwanzo wa 13. Ni katika 13:9, akiwa Kipro mbele ya liwali Sergio Paulo, ndipo Luka anapoandika: "Sauli, ambaye ndiye Paulo." Alikuwa na majina mawili, la Kiebrania kwa watu wake na la Kirumi kwa sababu alikuwa raia wa Rumi, kama vile mtu wa hapa alivyo Kazungu nyumbani na Joseph katika kitambulisho. Alipoingia kazini miongoni mwa mataifa, jina la pili ndilo lililotumika.

La pili ni la lugha, na labda hapa ndipo tunapokwama bila kujua. Swali la Bi Kadzo halina neno tayari katika Kiswahili. Ukisema "ubinafsi", umekwisha kumlaumu mtu, kwa sababu ubinafsi kwetu ni choyo. Ukisema "tabia", unazungumzia mwenendo, ambao unaweza kuwa mzuri au mbaya. "Hulka" na "silika" ni yale ya kuzaliwa nayo, na hata mbuzi ana silika. "Utu" ni wa watu wote kwa pamoja, hautofautishi Kadzo na mimi. Lakini "nafsi" inabeba mizigo miwili: mhubiri anatuambia tuikane nafsi, kisha katekista anatufundisha kwamba Mungu ni mmoja katika Nafsi tatu. Je, ile inayokanwa huku na ile inayoabudiwa kule ni kitu kimoja? Nimewafundisha watoto insha kwa muda mrefu, na swali hilo sijaweza kulipatia aya moja iliyonyooka.

7. Katekista_Gede

Ahsante, Mwalimu. Kuhusu Nafsi tatu, Kanisa lilihangaika na neno hilo kwa zaidi ya miaka 100, tangu mtaguso wa Nikea mwaka 325 mpaka ule wa Kalsedonia mwaka 451, na neno la Kilatini walilolichukua, *persona*, lilikuwa pia jina la kinyago cha mwigizaji jukwaani. Bi Kadzo anauliza kama amevaa kinyago, na neno lenyewe tunalotafsiri kuwa Nafsi lilivaliwa usoni. Lakini mafundisho yaliyotoka pale yananisaidia: Baba, Mwana na Roho ni Mungu mmoja kabisa, na hata hivyo Baba si Mwana. Ikiwa umoja mkamilifu kuliko wote haufuti Nafsi, kwa nini umoja wa kanisa la mtaani umfute Kadzo?

Na kwa kuwa majina yametajwa: wapo wanaodhani kwamba Kanisa Katoliki humlazimisha mtu achukue jina la mtakatifu. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilitaka hivyo, lakini kanuni ya 855 ya mwaka 1983 inakataza tu jina lililo geni kwa hisia za Kikristo. Karisa anaweza kubatizwa Karisa.

8. Mzee_wa_Kakuyuni

Wanangu, nimesoma polepole na miwani yangu. Mnazungumza kana kwamba kabla ya kanisa kila Mgiriama alikuwa na nafsi yake peke yake, akaenda kuivua mlangoni. Mimi sikuzaliwa hivyo. Nilipozaliwa nilipewa jina la babu yangu, na mwanangu alipopata mtoto wa kiume, mtoto akapewa jina langu. Ngala wa Karisa humzaa Karisa wa Ngala, na majina huenda yakirudi kama mawimbi. Bibi yangu alikuwa akiniita mume wangu. Nilipokuwa mkaidi walisema: huyo ni babu yake. Nilipopanda mnazi bila kuogopa walisema hivyohivyo. Sasa niambieni, ukaidi huo ulikuwa wangu au wake?

Hata kigango, nguzo ya mti ambayo huchongwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa wa gohu, chama cha wazee wa heshima, hakina sura ya marehemu. Kina kichwa na nakshi, lakini huwezi kumtambua mtu kwa pua yake. Na watu walijua ni cha nani. Nilipobatizwa nikiwa mtu mzima sikuona kwamba napoteza nafsi. Niliona kwamba nimeongezewa ukoo.

9. Mwana_wa_Rabai

Mzee amesema kweli juu ya majina, lakini yapo majina yaliyoondoka yasirudi. Sisi wa Rabai tunakumbuka kwamba mmisionari Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 na kwamba yeye na mwenzake Rebmann waliishi kwetu kuanzia 1846. Tunasahau walioletwa baadaye. Watoto waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa walipelekwa Nasik, India, wakasomeshwa huko, na baadhi yao wakarudishwa huku kama watenda kazi wa misheni, wakaitwa Waafrika wa Bombay. Mmoja wao alikuwa William Jones, aliyesafiri na Askofu Hannington mwaka 1885 na kuurudisha msafara baada ya askofu kuuawa. Alikuwa mtu hodari, lakini jina alilopewa na mama yake silijui. Freretown, makazi ya misheni karibu na Mombasa yaliyoanzishwa mwaka 1875, yalikaliwa na watu wengi wa namna hiyo. Kwa hiyo tunaposema kwamba neema hukamilisha maumbile, tukumbuke kwamba aliyeyapunguza maumbile mara nyingine alikuwa karani mwenye kalamu.

Ingawa nitakuwa mwongo nikiishia hapo. Watu hao waliipenda imani yao kwa dhati, na wajukuu wao wanayashika majina hayo kama urithi.

10. Muuguzi_Ngala

Nina swali moja kwa Bi Kadzo, naye ana haki ya kutolijibu. Mwaka ule ulipookoka, kulitokea jambo jingine nyumbani? Ninauliza kwa sababu katika kazi yangu nimekutana na watu waliokuja wakisema kwamba wameacha kucheka, hawana hamu na walichokipenda, usingizi umewatoka, nao wakasema ni utakatifu au ni uchawi, kumbe ilikuwa huzuni ndefu inayohitaji kutazamwa. Sisemi kwamba ndivyo ilivyo kwako. Lakini nyote mmekwenda moja kwa moja kwa mtume Paulo bila kumwuliza kama analala.

11. Kadzo_Maweni

Ninalala, dada Muuguzi, na ahsante kwa kuuliza. Mama yetu alifariki miezi mitatu baada ya mimi kuokoka. Sikuwa nimeyaweka mambo hayo mawili pamoja mpaka uliposema.

Kwa Mwalimu na Mzee: kanisani siitwi Kadzo. Mchungaji alisema nichague jina la Biblia, nikachagua Eunike, kwa sababu lilikuwa la mama yake Timotheo na mimi nina mwana mmoja. Si jambo la kulazimishwa. Lakini nimegundua kwamba yule anayekohoa mara mbili ni Eunike, na Kadzo hakohoi.

12. Mwalimu_Mstaafu

Eunike ni Kigiriki: *eu* ni vizuri, na *nike* ni ushindi. Kadzo kwa Kigiriama ni kazuri. Umekimbia uzuri ukaangukia uzuri.

13. Mkulima_Mpeketoni

Salamu kutoka Mpeketoni. Kwetu tulifanyiwa semina ya siku mbili, tukafundishwa kwamba Mungu ameumba watu wa aina nne: wachangamfu, wakali, wenye huzuni na wapole, na kwamba kila Mkristo ajue aina yake ili apewe huduma inayomfaa. Bi Kadzo ni mchangamfu, basi asipewe kazi ya kunyamaza. Mimi nilipatikana kuwa mpole, nikapewa kuegesha magari, na mpaka leo naridhika. Wengi walifunguliwa macho.

14. Mwalimu_Mstaafu

Ndugu Mkulima, semina ilikuwa na faida ikiwa ilikupatanisha na kazi yako, lakini ni vizuri ujue ilikotoka. Si ya Musa wala ya mitume. Ni ya waganga wa Kiyunani, Hippocrates na baadaye Galen, waliodhani kwamba mwilini mna vimiminiko vinne, yaani damu, nyongo ya manjano, nyongo nyeusi na balghamu, na kwamba kinachozidi ndicho kinachomtawala mtu. Udaktari uliiacha nadharia hiyo zamani. Kumwambia mtu kwamba Mungu amemwumba na balghamu nyingi ndiyo maana aegeshe magari ni jambo ambalo Galen mwenyewe asingelithubutu.

15. Mkulima_Mpeketoni

Nimecheka, Mwalimu. Lakini nani atayaegesha?

16. Jirani_Langoni

Mimi ni Mwislamu wa Lamu, mnisamehe kuingia uwanja usio wangu, ila neno "nafsi" limenivuta kwa sababu kwetu nalo linatusumbua. Chuoni tulifundishwa kwamba Kurani inaitaja nafsi katika hali tofauti: nafsi inayoamrisha maovu, katika sura ya Yusuf, nafsi inayojilaumu, katika sura ya Al-Qiyama, na nafsi iliyotua, ambayo katika sura ya Al-Fajr inaitwa irejee kwa Mola wake hali imeridhika. Mwalimu wetu alikuwa akisema kwamba hizo si nafsi tatu, ni moja inayosafiri. Pengine ndugu Shahidi anazungumzia ile ya kwanza na Katekista ile ya mwisho, nanyi mnabishana kana kwamba mmesimama kituo kimoja.

Nitaongeza niliyoyaona kwa macho. Msikitini tunapanga safu moja, mguu kwa mguu, tunainama pamoja na kuinuka pamoja, na aliye mbali hawezi kututofautisha. Tukitoka tukakaa barazani, mmoja ni mcheshi, mwingine hasemi mpaka kahawa ya tatu, na wa tatu anabishia hata saa ya ukutani. Ile safu haijawahi kuwafananisha.

17. Mama_wa_Marafa

Nimekuwa nikisoma bila kuandika, lakini kuna neno ambalo hamlitaji, nami ninaelewa kwa nini. Sisi tunaokaa pande hizi tulishuhudia mwaka 2023 yale ya msitu wa Shakahola, ambako miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja ilifukuliwa. Watu wale nao waliambiwa wajikane. Waliacha kazi, wakawatoa watoto shule, wakakata jamaa zao, na kila jamaa aliyesema "simjui tena ndugu yangu" alihesabiwa kuwa adui wa imani. Kwa hiyo, ndugu Shahidi, ninaposoma kwamba mtu akiambiwa hajulikani tena amshukuru Mungu papo hapo, mwili wangu unasisimka. Mimi nasali kila Jumapili. Lakini tangu mwaka ule, jamaa akisema kwamba hamtambui mtu wake, mimi huacha jembe nikaenda kumtazama.

18. Msimamizi

Mama wa Marafa amesema kwa staha, na bandiko lake linabaki. Kesi zinazohusu jambo hilo ziachwe mahakamani, na tuendelee na swali la Bi Kadzo.

19. Shahidi_Barani

Mama, nimelisoma bandiko lako mara tatu kabla ya kujibu. Sitajitetea. Nilikuwepo siku moja watu walipokuwa wakitafuta jamaa zao, na sitaki kuandika nilichokiona.

Lakini nisiposema hili nitakuwa nimeogopa tu. Ndugu Dereva amecheka kuiga, na kila mtu hapa anaona kwamba kikohozi cha dada Kadzo ni aibu. Paulo aliandika katika 1 Wakorintho 11:1: "Mnifuate mimi kama mimi ninavyomfuata Kristo." Mtoto hujifunza kuongea kwa kuiga kinywa cha mama yake. Mwanafunzi wa fundi seremala hushika randa kama fundi wake kwa miaka, mpaka siku mkono unapopata njia yake. Pengine miaka mitatu ni michache. Pengine kikohozi hicho ni randa ya kuazima. Mimi nilipoacha ngumi sikuwa najua kukaa na watu kwa namna nyingine yoyote, na kama nisingeiga utaratibu wa mzee mmoja wa kanisa letu, mpaka na namna yake ya kushika kikombe, ningerudi barabarani.

20. Dereva_wa_Tuktuk

Hapo umenishika, Shahidi. Udereva nami niliuigiza kwa binamu yangu, na mpaka leo ninatoa kiwiko nje kama yeye.

21. Mwalimu_Mstaafu

Hoja ya randa ni nzuri kuliko zote zilizotolewa hapa, ingawa ina tundu: fundi mwema hufurahi mwanafunzi apatapo mkono wake, na si kila mchungaji ni fundi mwema.

Nirudie aya ambayo nilitarajia mtu aitaje mapema. Wagalatia 2:20: "Nimesulibiwa pamoja na Kristo, lakini ni hai, wala si mimi tena, bali Kristo yu hai ndani yangu." Watu hukomea hapo. Aya inaendelea: "na uhai nilio nao sasa katika mwili, ninao katika imani ya Mwana wa Mungu, ambaye alinipenda, akajitoa nafsi yake kwa ajili yangu." Amesema si mimi tena, na kabla ya nukta amesema alinipenda. Yule "ni-" aliyesulubiwa mwanzoni mwa sentensi yupo mwishoni mwake, anapendwa. Sarufi pekee haiwezi kunieleza amepita wapi katikati.

22. Kaka_Matondoni

Mimi ndiye kaka. Nimetumiwa uzi huu na mtu wa Langoni ambaye hakujua kwamba unanihusu. Ninafanya kazi ya kukalafati majahazi hapa Matondoni, na simu ninaishika jioni tu.

Maneno aliyoyaandika dada yangu niliyasema, lakini siku iliyotangulia nilisema jingine ambalo hakuliandika. Nilimwambia kwamba tangu tuwe watoto ilikuwa mara yangu ya kwanza kumaliza kisa mbele yake bila kukatizwa. Nyote mmekisifu kicheko chake, na ni kweli kilikuwa kikubwa, lakini sisi ndugu zake tulikaa chini yake kama mimea chini ya mwembe: kuna kivuli, lakini hakuna kinachozaa. Kwa hiyo sijui niseme nini. Yule wa sasa hunisikiliza, na yule wa zamani ndiye ninayemkumbuka.

Kilichoniuma si kikohozi wala leso. Mama alipofariki, Kadzo alikaa pembeni siku zote za matanga, Biblia mapajani, hakusimulia hata kisa kimoja cha mama. Watu walikuwa wakimtazama wakimngojea. Yeye aliyewachekesha wafiwa wa Ganda nzima hakutuchekesha sisi, na mama alizikwa bila kuchekewa.

23. Katekista_Gede

Kaka, pole. Mimi sina la kuongeza leo.

24. Mzee_wa_Kakuyuni

Mwanangu Kadzo, matanga hayana mwisho kwetu. Hata mwaka wa kumi mtu anaweza kusimulia.

25. Kadzo_Maweni

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikwenda kukaa nje kwanza.

Kaka, niliambiwa kwamba visa vya wafu ni mambo ya koma, yaani mizimu ya wafu, na kwamba aliyeokoka hapaswi kuyafanya. Hakunilazimisha mtu. Niliambiwa mara moja tu, kwa upole, nami nikatii kwa haraka kuliko nilivyoombwa, labda kwa sababu nilijua kwamba nikifungua kinywa juu ya mama nisingecheka. Sasa sijui kama nilinyamaza kwa imani, kwa kumwiga mwenye kunyamaza, au kwa hofu ya kulia mbele ya watu walionizoea nikicheka. Dada Muuguzi ana sehemu yake, na ndugu Shahidi ana yake, na Mama wa Marafa nitakuja kumwona, maana si mbali.

Jana usiku nilimpigia kaka simu, nikamsimulia kisa cha mama na mbuzi aliyeingia kanisani Ganda siku ya Pasaka. Alikuwa hajawahi kukisikia. Hakunikatiza, nami sikumkatiza alipoanza cha kwake.

26. Dereva_wa_Tuktuk

Na kikohozi je?

27. Kadzo_Maweni

Nilikohoa mara mbili kabla ya kuanza.